Figa la Chuma la Kondo

Mie niliwahi kusema nilimwona papa wa Kigamboni kavaa shanga shingoni, na kwamba jogoo wangu akiwika anawika Kimakonde. Mbagala nzima wanajua. Nikikatiza tu wanaambiana, "Shikeni masikio, huyo anakuja." Sikasiriki. Uongo wangu haujawahi kumlaza mtu na njaa. Lakini habari ya Kondo binti Mwinshehe siitii chumvi. Nikiisimulia ulimi unanikauka, na mwenye ulimi mkavu hadanganyi vizuri.

Kondo ni shoga yangu tangu tuna meno ya utoto. Kazaliwa Kurasini, akaolewa huku Kiburugwa na Suleiman, fundi wa magodoro, na tangu aolewe kazi yake ni moja: kupika shughuli. Harusi, hitima, maulidi, kumtoa mwali, ukitaka pilau la watu mia mbili unakwenda kwa Kondo. Hapimi kwa kikombe wala kwa kilo. Anainama, ananusa mvuke, anasema, "Bado. Kitunguu hakijasamehe," na watu wazima na kanzu zao wanasubiri kitunguu kisamehe. Mkono wake wa kulia hauna hata kinyweleo kimoja. Moto ulishavila vyote.

Mafiga yake yalikuwa matatu, kama ya watu wote. Mawili ya jiwe. La tatu la chuma.

Hilo la chuma lilikuwa na urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi ncha za vidole, na unene wa paja la mtoto wa miaka mitatu. Upande mmoja umechongoka, upande mmoja bapa. Kondo alilichimbia ncha chini, ubapa juu, na sufuria ikikaa hapo haiyumbi hata uisukume na ng'ombe. Mawe yanapasuka, chuma hakipasuki. Shughuli ikiwa mbali alilibeba mwenyewe, mgongoni, kwa mbeleko. Nimemwona akilibeba huku ana mimba ya mwanawe Mudathir, mtoto mbele, figa nyuma, mie nikimwambia, "Shoga, umejifungua upande gani?"

Alilirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, aliyekuwa naye akiitwa Kondo. Kwetu Uzaramoni Kondo ni jina la mtoto wa wakati wa vita, na yule bibi alizaliwa vitani kweli. Shoga yangu karithi jina tu. Bibi huyo aliliokota figa utotoni mwake, kwenye shamba la mihogo Kurasini, Mwingereza na Mjerumani walipokuwa wanapigana, vita vingine vya baadaye. Aliiita siku ile siku ya ngurumo bila mvua. Hakusema zaidi, na sie watoto hatukuuliza zaidi, tulikuwa tunangoja mihogo.

Akaacha na mwiko. Kabla ya kuwasha moto, figa la chuma likandikwe udongo mbichi wa kichuguu, unene wa vidole vitatu, juu mpaka chini. Na kuni zisiingizwe kwa upande wake, ziingizwe kwa upande wa mawe. Kwa nini? Mwiko hauulizwi baba yake. Kondo aliufuata maisha yake yote. Mie mchango wangu ulikuwa kuwaambia watoto wa mtaa kwamba lile ni gego la jini wa baharini, na atakayeligusa jini atakuja kulidai kwa kumng'oa yeye la kwake. Hakuna mtoto aliyewahi kuligusa.

Suleiman akafa. Alilala na kikohozi Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Kondo akaingia eda, chumba cha nyuma, kile chenye dirisha la uani, na pazia likashushwa. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki. Jiko akamwachia Najat, mke wa Mudathir, binti mtiifu wa Tandika, mwepesi wa kazi, ambaye hajawahi kupika chakula kinachozidi watu ishirini.

Arobaini ilipokaribia, Kondo alimwita dirishani. Mie nilikuwepo, nimekaa mkekani na chai yangu.

"Najat mwanangu, mafiga yapo nyuma ya banda. Lile la chuma lina mwiko wake. Usiusahau."

"Nimeuona mama, upo."

"Umeuona?"

"Upo mama, uko vilevile."

"Haya, Mungu akuongoze."

Nikasikia yote hayo kwa masikio yangu mawili, nikanywa chai, nikaomba sukari.

Siku ya arobaini watu walianza kuingia saa mbili asubuhi. Wanaume mbele chini ya turubai, wanawake uani, mtu juu ya mtu, wanamenya viazi na kumsema kila asiyekuwepo. Uani kwa Kondo kuna mlango mmoja tu wa kutokea, upana wa mtu na beseni lake. Najat alishainjika sufuria kubwa, moto wa mkorosho unawaka, na ameshika mwiko ule mrefu wa Kondo, ule kama kasia, hauachi hata kujipangusa jasho.

Ndipo akaingia Ferdinand.

Ferdinand ni Mnyamwezi wa Tabora, mzee sasa, na Wanyamwezi ni watani wetu. Mtani msibani ana ruhusa ya kila upuuzi. Siku ya mazishi alitaka kuingia kaburini badala ya Suleiman, akisema lile kaburi ni zuri mno kwa Mzaramo. Hakuna aliyemkasirikia. Ndiyo kazi ya mtani, kuwafanya waliofiwa wacheke kabla hawajapasuka.

Kazi yake nyingine, miaka ishirini na tisa, ilikuwa kufyeka nyasi kwenye makaburi ya wanajeshi wa Kizungu kule Kinondoni. Huko alikutana na mzee mmoja wa Australia, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Australia ni wapi? Ferdinand anasema ukitoka ufukwe wa Kawe ukaogelea bila kupinda, utafika, kama hujaliwa. Yule mzee alikuja kutafuta habari za babu yake, baharia wa manowari iliyoitwa Pioneer. Katika zile siku za matanga, alasiri, tumekaa mkekani chini ya dirisha la Kondo, Ferdinand alitusimulia habari hiyo mpaka mie mwenyewe nikaona wivu.

Ilikuwa manowari kuukuu, alisema, ya zamani hata kwa wakati wake, inakwenda polepole, lakini ndiyo waliyokuwa nayo. Ikatoka bandari ya Fremantle ikaletwa huku kwetu. Miezi mingi ilizunguka mbele ya midomo ya Rufiji, kwa sababu meli ya kivita ya Mjerumani ilikuwa imejificha ndani, kwenye mikoko. Joto, malaria, makaa ya mawe, maji ya kunywa yenye ladha ya kutu. Wanasema katika vita ile hakuna manowari ya Australia iliyofyatua makombora mengi kama hiyo kizee. Na mwaka uliofuata ikaja kupiga hapa Dar es Salaam.

Babu wa yule mzee alikuwa mchochea makaa, chini kabisa, tumboni mwa meli. Aliye chini haoni vita. Anaisikia tu. Basi siku ile ya Dar es Salaam alihesabu. Mzinga mmoja juu ya kichwa chake ukilia, naye anangoja nchi kavu ijibu. Unalia, nchi inajibu. Mara sita. Mara ya saba mzinga ukalia, nchi ikanyamaza.

"Sasa yule babu," alisema Ferdinand, "mpaka uzee wake, ngurumo ikipiga moja anainamisha shingo, anangoja ya pili. Akafa anangoja. Mjukuu akaniuliza mie, mfyeka nyasi: ile ya saba ilimwangukia nani? Nikamwambia sijui, baba. Akanionyesha picha za makombora kwenye kitabu. Akasema kombora lililofyatuliwa linajulikana: kwenye kitako lina mkanda wa shaba, na mkanda una mikwaruzo ya kulala, kama umekwanguliwa na kucha. Na akasema haya mambo hayafi. Yanalala."

Tulimsikiliza, tukasema masikini, tukaendelea na kashata.

Sasa siku ya arobaini Ferdinand kaingia uani na shuka jeupe kajifunga kama sanda. Wanawake wakapiga vigelegele vya kejeli. Akaenda moja kwa moja mpaka jikoni kwa Najat, akajitupa chini chali, kichwa karibu na moto.

"Nimekufa!" akasema. "Simwachi mtu apakue mpaka nipewe paja la kuku. Maiti wa Kinyamwezi hazikwi na njaa."

"Mpeni maiti paja," akasema Mwanaasha, jirani, mwanamke mwenye ulimi unaokata kitunguu bila kisu. "Mkimnyima atanuka."

Wakampa paja la kuku. Akalishika. Akageuza kichwa ili ale akiwa amelala, kama anavyopenda kuchekesha, na macho yake yakawa sawasawa na chini ya sufuria.

Hakula.

Nilikuwa namtazama kwa sababu mie hujifunza kwa wenzangu. Nikaona kidevu kimesimama. Paja la kuku likamtoka mkononi likaanguka mchangani, na Ferdinand hakuliokota. Akainuka polepole, kwa mikono na magoti, mpaka akawa mbali na moto hatua tano.

"Jamani," akasema. "Tokeni hapa."

"Maiti kafufuka!"

"Tokeni. Lile figa ni kombora. Lile la chuma. Ni la manowari."

Uani kote wakaangua kicheko. Mwanaasha akashika mbavu. "Na paja nalo unataka la manowari? La kuku halikutoshi?"

"Naapa kwa Mungu mmoja."

"Mnyamwezi akiapa, ficha kuku wako!"

"Wallahi nawaambia!"

"Haaa! Kasilimu! Mleteeni kanzu!"

Kila alivyozidi kuapa walizidi kucheka. Kamasi zinamtoka, wao wanacheka. Mtu aliyelipwa kwa kuku maisha yake yote awachekeshe watu msibani, leo anataka wasicheke, na hana namna.

Mie sikucheka. Mwongo anajua mwongo mwenzake anapoacha kazi. Paja lilikuwa pale mchangani, nzi ameshatua juu yake. Nikainama, goti likalia, nikachungulia chini ya sufuria.

Figa lilikuwa tupu, limesuguliwa kama sufuria. Halina udongo hata wa kuziba kovu. Kuni zimeingizwa kwa upande wake, ndimi za moto zinalilamba mpaka juu, na pale juu karibu na ubapa kulikuwa na mkanda mwekundu unaong'aa kama bangili. Miaka sitini nimelijua figa lile na sijawahi kuuona ule mkanda, kwa sababu siku zote ulikuwa chini ya udongo. Una mikwaruzo ya kulala. Kama umekwanguliwa na kucha.

Ngurumo bila mvua. Kumbe ndiyo ile ya bibi.

Sasa nielewe. Mahali pengine ungepiga kelele. Lakini hii ni Mbagala. Sie tulipitia mwaka ule wa mabomu, ghala la jeshi lilipolipuka. Mie nilikimbia toka hapa hadi Kongowe na sufuria ya maharage kichwani, nikaitua haina hata punje, na sikujua yalimwagika wapi. Watoto walipoteana na mama zao. Ukilitamka neno lile uani penye wanawake themanini na mlango mmoja wa upana wa beseni, kombora halitakuwa na kazi ya kufanya. Wataumizana wenyewe. Na wasipokuamini, watabaki wanacheka mpaka liamke.

Nikapanda juu ya kinu kilichofudikizwa.

"Mbona mmekaa jamani? Nilidhani mmeshasikia. Kule uwanja wa shule wanagawa kanga, doti mbilimbili, na kwa wanaume vikoi. Mie nimeshaficha zangu. Anayegawa ni bwana mnene ana meno matatu ya dhahabu, na anasema akimaliza hizi harudi tena."

Mwanaasha akaweka kisu chini, akasema kwa sauti ya taratibu, "Ngoja niende chooni." Mwingine akasema anakwenda kumtazama mtoto. Hatari watu huikimbia kwa kusukumana, lakini cha bure hukiendea kwa adabu, kila mtu anajifanya hana haraka. Wakatoka mmoja mmoja, wanapishana kwa "samahani dada", mpaka uani pakawa peupe. Wanaume wa mbele nao wakawafuata, wanasema wanakwenda kulinda wake zao.

Wakabaki watatu. Ferdinand, na sanda yake mwilini. Najat, anasema, "Bibi, mie siwezi kwenda, litaungua." Na Kondo, nyuma ya pazia, hatua nne toka kwenye sufuria. Mjane wa eda haendi kugombea kanga.

Nikaenda dirishani.

"Shoga, toka."

"Nitoke niende wapi, nawe? Nina eda."

"Toka Kondo. Figa la chuma ni kombora."

"La nani?"

"La meli."

Akacheka kidogo puani. Akangoja. Mie na yeye tuna desturi: naanza, yeye anangoja nipambe, papa wangapi, nahodha alikuwa na macho mangapi. Nami nikangoja ulimi wangu ulete. Haukuleta kitu.

"Meli gani?" akauliza.

"Sijui. Toka."

Pazia likasogea. Nikaona jicho lake moja.

"Uongo wako siku zote una mkia," akasema polepole. "Huu umekuja mkato."

Halafu akanusa. Kondo ananusa kabla ya kufikiri. Akanusa mara mbili, na uso wake ukabadilika.

"Sisikii harufu ya udongo. Najat!"

"Bee, mama!"

"Mwiko wa figa uko wapi?"

"Huu hapa mama! Toka asubuhi sijauacha mkononi!" Na binti wa watu akainua juu ule mwiko mrefu wa kukorogea, unachuruzika mafuta, anautikisa ili mama mkwe auone vizuri dirishani.

Moto ulikuwa unasema peke yake.

Kondo akatoka. Siku arobaini hajaona jua, akaziba macho kwa mkono, kaniki yake imefika vidoleni. Hakumgombeza Najat. Alimpokonya mwiko tu, akamwambia, "Nenda kachukue kanga."

"Mama, pilau..."

"Nenda mwanangu."

Akaenda. Kondo akamgeukia Ferdinand bila kumtazama usoni, kwa sababu ya eda. "Mtani, simama mlangoni. Asirudi mtu."

Mie alinitazama. Ningependa kukuambia nilibaki kwa ushujaa. Miguu ilikataa kuondoka, basi.

Nikashika ndoo ya maji. Akaniwahi mkono. "Weka chini. Chungu cha moto ukikimwagia maji ya baridi kinapasuka. Hilo halihitaji shule."

Akapiga magoti mchangani. Akaingiza ule mwiko mrefu chini ya sufuria na kuanza kuvuta kuni, moja moja, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala kitandani kwa watu. Kuni ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa imeegemea lile figa. Alipoigusa, figa likapiga mluzi.

Mluzi mwembamba, kama birika likianza kuchemka nyumba ya tatu. Kondo akaganda. Nikaona mkono ule usio na vinyweleo umesimama, na tone la jasho limening'inia kwenye kiwiko halitaki kuanguka. Mluzi ukapanda, ukapanda. Nikafunga macho. Sikukumbuka dua hata moja. Nilikumbuka mbeleko. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akiliweka chini, kwa kuchoka, puu, na kukaa juu yake akila muwa.

Mluzi ukakatika.

Akavuta kuni ya tatu. Akavuta ya nne. Akachota mchanga kwa mikono miwili akafunika makaa, konzi kwa konzi, na hapo ndipo likaanza jambo baya zaidi. Chuma kilipoanza kupoa kikawa kinagonga. Tik. Kimya. Tik. Tukarudi nyuma hadi ukutani, tumeshikana vidole kama wasichana, tunasikiliza. Kila likigonga tunangoja. Nikajikuta nahesabu. Lilipofika sita, Kondo akaniminya kidole mpaka nikaumia, maana naye alikuwa anahesabu.

Halikugonga tena.

Nje watu walishaanza kurudi, wana hasira, hakuna kanga, hakuna bwana wa meno ya dhahabu. Nikamsikia Mwanaasha akilitaja jina langu pamoja na la mnyama. Na nikamsikia Ferdinand. Alikuwa amejilaza chali kwenye kizingiti, mlango mzima, kajifunika shuka.

"Hapiti mtu mpaka nizikwe!"

"Tupishe, mzee mzima huna haya!"

"Mruke maiti uone kama hutazaa mbuzi!"

Wakacheka. Wakangoja. Walidhani ni utani, na utani ukawazuia nusu saa nzima, mpaka Mudathir, ambaye Najat alikuwa amemweleza maneno ya Ferdinand huku analia, akarudi na wanajeshi.

Walikuwa vijana wa heshima, wakatuamkia shikamoo kabla hawajatufukuza. Wakahamisha watu wa nyumba kumi na mbili. Mmoja aliyeitwa Brightson alilala kifudifudi akalitazama figa muda mrefu bila kuligusa. Kisha akaja kwa Kondo.

"Bibi, mmelipikia kwa muda gani?"

"Mie? Tangu niolewe. Kabla yangu mama. Kabla ya mama, bibi."

Kijana akavua kofia, akakaa chini palepale mchangani. Halafu wakalitia kwenye sanduku lenye mchanga wakaondoka nalo, mwendo wa maiti. Pilau liliachwa. Chini limekauka, juu bichi.

Sasa ungedhani habari imekwisha. Kondo akarudi chumbani kumalizia eda, na humo ndimo hofu ilimkuta amekaa. Mlango ukijibamiza anainamisha shingo. Najat akiwasha gesi, Kondo anageukia ukuta. Yule mwanamke aliyekula moshi tangu utotoni akawa hawezi kuiona njiti ya kiberiti. Na swali lake lilikuwa moja, kila nikiingia.

"Wamelilipua?"

Hatukujua. Ferdinand alikwenda kuuliza mara mbili, wakamjibu kwa upole kwamba mambo hayo hayasimuliwi.

"Basi limelala mahali," anasema Kondo. "Sisi tulikuwa na mwiko. Huko lilipo halina mwiko. Litamwamkia mtu." Akaacha kula. Eda ikaisha, akaoga, akavaa nguo za rangi, na bado hakutoka chumbani. Mkono wake ukaanza kuota vinyweleo. Nilivyoviona vile vinyweleo niliogopa kuliko siku ile ya mluzi.

Alhamisi moja nikaingia, nikakaa mkekani, sikuomba chai.

"Lililia," nikasema.

Akageuka. "Nani kakwambia?"

"Nimelisikia. Upande wa Kongowe, nilikwenda kwa mjukuu."

Akanitazama kwa lile jicho. "Mlio wake ulikuwaje?"

Ulimi wangu, siku hiyo, ulikuwa na kila kitu. Kunguru waliodondoka wakiwa wameshanyonyoka. Mbuzi aliyezaa papo hapo. Nikavimeza vyote.

"Mmoja tu."

Akangoja. Nami nikangoja naye, mdomo nimeufunga.

"Alhamdulillahi," akasema, na mabega yake yakashuka. Baada ya muda akauliza kama Najat amenunua mkaa.

Ferdinand nilimwambia vivyo hivyo. Akashika simu, akarekodi sauti kumtumia yule mzee wa Australia: ya saba imejibu. Alirudishiwa sauti ya mzee analia, na Ferdinand naye akalia, hata hakuomba kuku.

Kondo anapika tena. Mafiga matatu ya jiwe, na yote matatu anayakandika udongo, vidole vitatu, juu mpaka chini, na Najat sasa anajua mwiko upi ni upi. Mkono hauna tena vinyweleo. Ukialikwa shughuli Kiburugwa, kula pilau lake, msifu, atafurahi. Kusoma hajui, kama mie nilivyokuwa sijui kabla sijajifunza ukubwani. Nakuomba tu, usimsomee hapa mwisho. Mie Alhamisi ile sikuwa Kongowe. Nilikuwa nyumbani nafua, na mpaka leo, ngurumo ikipiga moja, nainamisha shingo.